Nimeipata sheria mtandaoni, lakini nitajuaje kwamba ndiyo inayotumika leo?

Msomaji Huru (mleta mada)

Wanajukwaa, naomba msaada wenu. Mimi si mwanasheria. Naandaa maelezo mepesi ya sheria za kazi kwa ajili ya watu wasiomudu gharama za wakili, na nimejiwekea sharti kwamba kila ninachokiandika kiwe na chanzo ambacho msomaji anaweza kukifungua mwenyewe bila kulipia chochote. Kuzipata nyaraka siku hizi si kazi kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba sheria moja naikuta katika tovuti tatu, na kifungu kilekile kinasomeka tofauti katika kila moja. Tovuti ya kwanza ni ya serikali, lakini imeweka kurasa zilizopigwa picha ambazo hazitafutiki kwa maneno. Ya pili ni ya chuo kikuu na ina maandishi safi. Ya tatu ni ya ofisi ya mawakili, nayo inafafanua vizuri kuliko zote, ingawa haisemi maandishi ya sheria yenyewe imeyatoa wapi.

Je, niiamini ya serikali kwa sababu tu ni ya serikali? Na hukumu za mahakama zinazoitafsiri sheria hiyo nizitafute wapi, maana nikiandika jina la shauri katika injini ya utafutaji napata habari za magazeti na blogu, lakini hukumu yenyewe siioni?

Mkutubi wa Sheria

Ndugu mleta mada, jibu la swali lako la kwanza huenda lisikupendeze: kuwekwa katika tovuti ya serikali peke yake hakuifanyi nakala kuwa rasmi. Kinachoipa nakala uzito ni sheria au tamko linalosema kwamba hiyo ndiyo nakala rasmi, na mara nyingi tamko hilo limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Umoja wa Ulaya unatupa mfano mzuri. Tangu tarehe 1 Julai 2013, toleo la kielektroniki la Gazeti Rasmi la Umoja huo ndilo lenye nguvu ya kisheria, na linapatikana bure katika tovuti ya EUR-Lex. Lakini katika tovuti hiyohiyo yamo matoleo yaliyounganishwa, yaani sheria ya awali na marekebisho yake yakiwa yamepangwa katika andiko moja, na hayo yanatamka waziwazi kwamba yamewekwa kumsaidia msomaji tu na hayana nguvu ya kisheria. Marekani nako, nakala za PDF zilizomo katika tovuti ya govinfo hutiwa sahihi ya kidijitali na ofisi ya uchapishaji ya serikali, ilhali maandishi yaleyale, yakiwa yamepangwa kwa namna rahisi kusoma katika tovuti ya Federal Register, hujitambulisha kuwa si toleo rasmi. Watu wengi husoma toleo lisilo rasmi, wala siwalaumu, kwa sababu ndilo linalosomeka.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha vifungu, tambua kwanza kila tovuti imekuwekea nini. Sheria kama ilivyopitishwa na Bunge haibadiliki hata ikipita miaka hamsini. Ni kumbukumbu ya siku ile. Toleo lililounganishwa ni kazi ya mhariri aliyeingiza marekebisho mpaka tarehe fulani, na baada ya tarehe hiyo halijui lolote. Naona tofauti ulizozikuta zinatoka hapo zaidi kuliko katika makosa ya kunakili. Itafute tarehe hiyo hata kama imefichwa, na usipoiona kabisa, itumie nakala hiyo kwa kusoma tu, usiinukuu. Tovuti ya sheria ya Uingereza, legislation.gov.uk, ina uungwana ambao ningependa uigwe kwingineko: inakuruhusu, kwa sheria nyingi, kusoma kifungu kama kilivyokuwa siku uliyoichagua, na pale ambapo kuna marekebisho yanayojulikana lakini hayajaingizwa, inakuonya juu ya ukurasa.

Ukishaipata tarehe ya mwisho ya uunganishaji, kazi iliyobaki ni ya kusonga mbele: fungua matoleo ya Gazeti la Serikali na orodha ya sheria zilizopitishwa tangu siku hiyo, utazame kama kuna iliyogusa sheria yako. Usitafute jina la sheria yako katika vichwa vya sheria pekee. Serikali nyingi hupitisha sheria moja ya marekebisho mbalimbali inayogusa sheria kumi au ishirini kwa mpigo, na jina lake halidokezi lolote kuhusu kazi wala ajira.

Kwa mada yako nakuongezea jambo ambalo waandishi wengi wa maelezo mepesi hulisahau. Sheria za kazi zina sheria ndogo nyingi. Kima cha chini cha mshahara, kwa mfano, katika nchi nyingi hakimo ndani ya sheria kuu. Sheria kuu humpa waziri au bodi mamlaka ya kukipanga, nacho hutangazwa kwa amri katika Gazeti la Serikali. Ukiisoma sheria kuu peke yake, hata iwe toleo jipya kabisa, utakuwa umesoma kwamba kima kipo bila kujua ni kiasi gani.

Kuhusu tovuti ya chuo kikuu, usiidharau. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha Legal Information Institute, mwaka 1995 vyuo viwili vya Sydney vikaanzisha AustLII, na kutoka hapo ukazaliwa mtandao wa taasisi ambazo mwaka 2002, katika Azimio la Montreal, zilitamka kwamba taarifa za kisheria za umma ni urithi wa pamoja wa wanadamu na zinapaswa kupatikana bila malipo. Tovuti nyingi ambazo majina yake yanaishia kwa herufi LII zimetokana na mkondo huo, zikiwemo TanzLII ya Tanzania na ULII ya Uganda. Si rasmi kwa maana ya kisheria, lakini huwa zinaeleza zimetoa wapi maandishi yake, na hilo ndilo ninalolitazama kwanza.

Wakili wa Rufaa

Mkutubi ameliweka vizuri suala la sheria zilizotungwa. Mimi nitajibu kuhusu hukumu.

Huzioni hukumu katika injini ya utafutaji kwa sababu, mara nyingi, wenye hifadhidata wamezuia kwa makusudi zisionekane huko. CanLII ya Kanada na BAILII ya Uingereza hufanya hivyo ili jina la mtu aliyewahi kuwa na shauri la talaka au la deni lisiwe jambo la kwanza kuonekana kila anapotafutwa na mwajiri au jirani. Hukumu iko wazi kwa umma, lakini unapaswa kuingia ndani ya tovuti yenyewe na kuitafuta humo. Anza na mada na jina la sheria, kisha punguza kwa mahakama na mwaka. Majina ya wadaawa, yaani pande za shauri, yaache mwisho, kwa kuwa huandikwa kwa namna tofauti katika nyaraka tofauti.

Ukiipata hukumu moja nzuri, chukua rejea yake isiyotegemea mchapishaji. Rejea kama [2022] KESC 8 inakueleza kila unachohitaji: mwaka, mahakama, ambayo hapa ni Mahakama ya Juu ya Kenya, na namba ya uamuzi katika mwaka huo. Vivyo hivyo TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania na UKSC ni Mahakama ya Juu ya Uingereza. Zamani rejea ilikuwa juzuu na ukurasa wa kitabu kilichouzwa na kampuni fulani, hivyo asiyekuwa na kitabu hakuweza hata kuhakiki ulichokinukuu. Rejea ya sasa inafanya kazi katika tovuti yoyote, ya bure au ya kulipia.

Nimeitaja KESC 8 kwa makusudi, kwa sababu inaonyesha hatari kubwa zaidi kwa msomaji asiye mwanasheria. Hilo ni shauri la mpango wa kubadilisha Katiba uliojulikana kama BBI. Mahakama Kuu iliamua Mei 2021 na Mahakama ya Rufani Agosti 2021, na zote mbili zilikubali kwamba muundo wa msingi wa Katiba haubadilishwi kwa njia ya kawaida, tena kwamba rais aliye madarakani anaweza kushtakiwa kwa madai. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilizipinga hoja hizo mbili, huku ikikubaliana na mahakama za chini katika mambo mengine. Hukumu zote tatu ziko mtandaoni bure, ni ndefu mno, na zimeandikwa kwa ufasaha. Anayeifungua ile ya kwanza tu na kuinukuu atakuwa ameinukuu kwa usahihi kabisa, na bado atakuwa amempotosha msomaji wake.

Hapa ndipo huduma za kulipia zinapotushinda sisi wapenzi wa vyanzo huru. Maandishi ya hukumu si siri tena. Kinachouzwa ni taarifa kwamba hukumu hii imefuatwa wapi, imekosolewa wapi na imetenguliwa lini. Bila huduma hiyo unaweza kufika karibu kwa kuitafuta rejea ya hukumu yako ndani ya hifadhidata huru, ukasoma kila uamuzi wa baadaye unaoitaja, kuanzia ule wa mahakama ya juu kabisa. CanLII na baadhi ya tovuti nyingine huru zinakuorodheshea maamuzi hayo. Kazi hii inachosha, na hakuna mkato.

Nasema hakuna mkato nikijua wengi watakimbilia programu za akili unde. Mwezi Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zilizonukuu hukumu ambazo hazijawahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Programu hizo zinaweza kukudokezea maneno ya kutafutia. Hukumu yenyewe ifungue kwa macho yako, na uisome mpaka mahali majaji wanapoeleza kwa nini wameamua hivyo, kwani kauli nyingi zinazosambazwa ni za pembeni tu, na nyingine ni hoja za wakili aliyeshindwa ambazo jaji alikuwa anazirudia kabla ya kuzikataa.

Msomaji Huru (mleta mada)

Nawashukuru sana, waheshimiwa. Nina maswali mengine mawili. Ningependa kuweka nakala za vifungu na hukumu katika tovuti yangu badala ya kuweka viungo tu, kwa sababu viungo vingi nilivyoviweka mwanzoni sasa vinafungua ukurasa mtupu. Je, hilo ni kuvunja hakimiliki? La pili, kuna ripoti ya ukaguzi wa maeneo ya kazi ambayo inatajwa katika majadiliano ya Bunge lakini haipo popote mtandaoni. Nifanyeje?

Mhifadhi Kumbukumbu

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa Berne katika ibara ya 2(4) umeiachia kila nchi iamue kama itazilinda nyaraka rasmi za kisheria, kiutawala na kimahakama pamoja na tafsiri zake rasmi, kwa hiyo huwezi kubeba jibu la nchi moja ukalipeleka nyingine. Marekani iliamua tangu 1834, katika shauri la Wheaton dhidi ya Peters, kwamba maoni ya majaji hayana mwenyewe. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema hata maelezo ya ufafanuzi yaliyomo katika toleo rasmi la sheria za jimbo la Georgia hayawezi kulindwa, kwa kuwa yaliandaliwa kwa mamlaka ya chombo cha kutunga sheria. Uingereza inadai hakimiliki ya serikali, lakini inatoa leseni ya wazi inayoruhusu kunakili na kuchapisha mradi utaje chanzo. Soma sheria ya hakimiliki ya nchi unayoiandikia. Katika nchi nyingi utakuta maandishi ya sheria na hukumu yako huru, ila muhtasari ulioandikwa na mhariri wa kampuni binafsi, pamoja na vichwa alivyovitunga na mpangilio wake, ni mali yake. Nakili hukumu, uache muhtasari.

Viungo vilivyokufa si tatizo lako peke yako. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havimpeleki tena msomaji kwenye kile kilichonukuliwa. Kama mahakama ya ngazi hiyo imeshindwa kuvilinda vyanzo vyake, sisi wengine tusijidanganye. Kila unaponukuu ukurasa wa serikali, uhifadhi siku hiyohiyo katika Wayback Machine ya Internet Archive, kisha weka viungo viwili, cha awali na cha nakala iliyohifadhiwa. Maktaba ya sheria ya Harvard inaendesha Perma.cc kwa kazi hiyohiyo. Tovuti za wizara ni kama kibanda cha soko: kila akija mwenye nyumba mpya, bidhaa hupangwa upya na nyingine hutupwa.

Ripoti usiyoiona mtandaoni unaweza kuidai, pale ambapo sheria ya haki ya kupata taarifa ipo. Uswidi ilikuwa na sheria ya namna hii tangu 1766, Marekani tangu 1966, na leo zaidi ya nchi mia moja zinayo. Sharti moja la kuliangalia mapema ni nani anayeruhusiwa kuomba: Kenya na Uganda haki hiyo ni ya raia, ilhali Uingereza na Marekani mtu yeyote anaweza kuomba. Muda wa kujibiwa nao unatofautiana. Kenya ni siku 21, na saa 48 pale ambapo taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uganda ni siku 21. Afrika Kusini ni siku 30. Uingereza na Marekani ni siku 20 za kazi. Omba waraka, usiombe maelezo. Ukiandika kwamba unataka kujua hali ya usalama kazini ikoje, utajibiwa kwa barua ya heshima isiyo na chochote ndani yake. Ukitaja jina la ripoti, mwezi iliowasilishwa na ukurasa wa majadiliano ya Bunge ilipotajwa, ofisi italazimika kukupa au kutaja kifungu kinachoizuia kukupa. Sema pia kwamba unataka nakala ya kielektroniki, maana gharama za kurudufu karatasi ndizo zinazowakatisha tamaa waombaji wengi.

Kabla ya kuandika barua hiyo, jaribu mezani pa Bunge lenyewe. Ripoti zinazowasilishwa bungeni huwa na nakala katika maktaba ya Bunge hata kama wizara iliyoziandika haikuziweka popote.

Wakili wa Rufaa

Nina angalizo kwa mleta mada kuhusu kuweka hukumu nzima katika tovuti binafsi. Ruhusa ya hakimiliki haimalizi suala. Mashauri ya kazi yamejaa taarifa za afya, tuhuma za wizi na madai ya unyanyasaji wa kijinsia, na mara nyingine mahakama huamuru majina yafichwe baada ya hukumu kwisha kuchapishwa. Hifadhidata kubwa hupokea amri hiyo na kuibadilisha nakala yake, wewe hutaipokea. Nakuomba unukuu aya unazozihitaji, uweke rejea na kiungo, na kama unaweka hukumu nzima, basi uizuie isiingie katika injini za utafutaji.

Mhifadhi Kumbukumbu

Kwa hukumu zenye watu binafsi nakubaliana na Wakili. Kwa sheria, kanuni na ripoti za serikali sikubaliani na tahadhari yoyote ya namna hiyo: ziwekwe nakala nyingi kadiri inavyowezekana.

Msomaji Huru (mleta mada)

Nimerudi kwenye tovuti zangu tatu nikiwa na maswali ya Mkutubi. Nakala ya serikali ni sheria kama ilivyopitishwa, bila marekebisho hata moja. Ya chuo kikuu imeunganishwa, na tarehe yake ipo, imewekwa katika ukurasa wa maelezo kuhusu tovuti. Ya ofisi ya mawakili imeingiza marekebisho ya hivi karibuni zaidi, na sheria hiyo ya marekebisho nimeiona katika Gazeti la Serikali ikiwa imesainiwa. Nichukue hiyo ya mawakili kuwa ndiyo sheria ya leo?

Mkutubi wa Sheria

Bado, ndugu. Kusainiwa ni jambo moja na kuanza kutumika ni jingine. Fungua kifungu cha kwanza au cha pili cha hiyo sheria ya marekebisho. Kama kinasema itaanza kutumika siku ya kuchapishwa, au kinataja tarehe ambayo imeshapita, basi mawakili wako sahihi. Kama kinasema itaanza siku ambayo waziri ataitangaza katika Gazeti la Serikali, itakubidi ulitafute tangazo hilo katika matoleo yaliyofuata, na usishangae ukilikosa, kwa maana kuna vifungu vilivyokaa miaka mingi bila kutangazwa. Mara nyingine waziri hutangaza vifungu kadhaa na kuviacha vingine, kwa hiyo angalia namba ya kifungu chako ndani ya tangazo, usiridhike na jina la sheria.

Ukilikosa, katika maelezo yako weka maandishi ya toleo la chuo kikuu kuwa ndiyo yanayotumika, taja kwamba yameunganishwa mpaka tarehe gani, kisha chini yake eleza kwamba kuna marekebisho yaliyopitishwa ambayo tangazo la kuanza kwake halijaonekana katika Gazeti mpaka toleo la mwisho ulilolikagua, ukiliandika kwa namba na tarehe.